Wa Pili

Kwetu Imphal, mwanamume hula kwanza.
Mimi nilikula baadaye, kwenye sahani yake,
wali uliokwisha poa na vipande vya samaki wa kuvundika,
wala sikuona dhila: mama alikula hivyo,
na mama yake mama.
Kuoga, yeye kwanza; maji ya moto yaliishia kwake.
Basi siku unga ulipoingia nyumbani
(si unga wa kupika, laiti ungekuwa huo)
nani alihitaji kunifundisha foleni?

Tomba alijifunga mkono kwa upindo wa kitambaa
nilichofuma mwenyewe, wekundu na weusi.
Akajidunga. Akavuta damu kidogo ndani ya bomba,
akaitazama kama anayesoma barua,
akaisukuma.
Kisha akanipa mimi.

Kwa mapenzi, nielewe.
Alinitafutia mshipa kwa kidole gumba
na kidole kile kilikuwa kipole
kuliko siku yoyote ya ndoa yetu.

Nilisuuza bomba kwenye kikombe cha chai.
Damu nzito kuliko maji, walisema wahenga.
Hawakukijua kikombe changu,
lakini walijua.

Usiku wa arosto, yeye akijikunja chini ya blanketi
kama mtoto mwenye mchango,
mimi ndiye niliyetoka.
Hapo tu nilikuwa wa kwanza: mlangoni.
Barabara kuu, mvua, malori ya saruji.
Dereva mmoja aliongeza rupia mia
nisimwambie habari za mpira.
Mia.
Nilinunua kete mbili na mshumaa.
Nikarudi. Akajidunga yeye, halafu mimi.

Alipokufa, mama mkwe alikitoa kitanda changu uani,
kikanyeshewa siku tatu.
"Umemmaliza mwanangu," akasema,
na majirani wakaitikia kwa vichwa,
maana mwanamume huugua, mwanamke huambukiza.
Sokoni, kwa akina mama wauza samaki,
chenji yangu ikaanza kuwekwa juu ya jiwe,
si mkononi.

Nikifungasha vyombo vyangu, nikalikuta kopo la biskuti.
Vyeti vya shule. Picha ya timu ya mpira.
Na kadi ya kliniki, jina lake, muhuri,
tarehe ya miaka miwili kabla sijaanza kukohoa.
Alipima.
Alijua.
Hata habari ya damu yangu
aliila kwanza, kimyakimya,
na mabaki hakuniachia.

Nimejaribu kumchukia. Siku nyingine naweza.

Bembem alinikuta chini ya daraja. Mkono wake
una makovu kama yangu, hakuuficha.
Hakunihubiria. Alinipa karatasi nyeupe,
ndani yake bomba, kofia yake haijaguswa.
"Hii yako," alisema. "Usimpe mtu, usipokee ya mtu."
Nililigeuzageuza.
Nina miaka thelathini na moja
na sikuwahi kufungua kitu
ambacho mwingine hakuwa amekifungua.

Sikuacha siku ile. Wala mwezi ule.
Nisikudanganye kwa sababu tu shairi linapenda kuisha vizuri.
Niliacha, nikarudi, nikaacha.
Nikapimwa; nesi alisema neno ambalo tayari
nilikuwa nimelisoma kwenye kopo la biskuti,
akaniuliza kama nimekula.

Sasa nakaa nyumba ya Bembem, wanawake tisa,
choo kimoja, ugomvi wa sabuni kila asubuhi.
Saa mbili usiku nameza kidonge changu.
Mtambo wa kufumia nimeukomboa kwa mwenye rehani,
mguu wake mmoja umeoza, nimeuegemeza kwa tofali.

Juzi ilikuwa zamu yangu kupika.
Nikapakua sufuria ikifoka mvuke,
na kabla sijafikiri nani ametangulia
nikajitilia tonge mdomoni.

Wali wa moto huunguza ulimi.
Sikujua.